Mshika Foleni

Muzna, umenirudishia kitabu kimekunjwa sikio
ukurasa wa mia mbili na tatu, na kwa penseli umeandika:
"Huyu mwanamme ni gundi."
Nimecheka. Kisha nimekasirika.
Nje Mabela inaungua, digrii arubaini na saba,
kunguru wamejibanza kwenye kivuli cha tangi,
na mimi nimelala chini, mgongo kwenye marumaru,
namtetea mtu asiyekuwepo duniani.

Najua unayemtaka. Unamtaka Jabali,
mwenye bunduki na kovu juu ya jicho,
anayeingia kila sura kwa kupiga mlango teke.
Haya. Nihesabie milango aliyoifunga
ili vumbi lisimwingie aliyelala.

Luai yeye kashika foleni.
Katika mji ule wa makuba, maji yanapimwa kwa kijiko
na kijiko kinapimwa kwa utiifu,
kasimama siku mbili, kadi ya Rimu mkononi,
na Rimu yuko chini ya ardhi anachoma madaftari ya Serikali.
Kila saa mlinzi anauliza, "Mwenye kadi yuko wapi?"
Kila saa Luai anaanza upya kisa cha vitunguu:
vilikuwa bei gani, nani kamdhulumu, mzani ulikuwa mbovu vipi,
mpaka mlinzi anachoka, anagonga muhuri.
Wewe sura hii uliiruka. Usikatae,
kurasa zake bado zanuka duka.

Unasema hana uti wa mgongo.
Shoga, siku mbili wima!
Ningekuwa mimi ningeomba kiti.

Wala hakumwambia asiende. Hapo ndipo ninapokushika.
Alimfunga Rimu viatu, maana vidole vya Rimu vilikuwa vimevunjika,
akakilegeza kidogo cha kushoto,
mguu wa kushoto ndio unaovimba,
akasema, "Ukirudi maji yatakuwepo."
Hakusema "rudi". Kasema "ukirudi".
Nimelisoma hilo "uki" mara kumi.
Silabi mbili tu, Muzna,
na ndani yake mlango umeachwa wazi, pande zote mbili.

Kuna jambo nakukubalia, si kwamba sioni:
mwandishi kamnyima ndoto. Kurasa mia nne
na hatujui hata anapenda kula nini.
Mara moja tu, karibu na mwisho, anasema
angependa kulala mchana mmoja mzima
mtu asimwamshe. Mstari mmoja, kisha king'ora.
Lakini hilo kosa ni la kalamu, si la moyo wake.
Mtu anaweza kupenda sana
na bado akawa na njaa yake mwenyewe.

Halafu nikalikumbuka gari lenu.
Jumapili, Jumanne, Alhamisi, saa saba kasorobo mchana,
baba yako anatoka na shuka kiunoni, kichwa wazi,
anawasha injini, anafungulia kiyoyozi mpaka mwisho,
anatandika taulo kitini, anafunika chuma cha mkanda kwa kitambaa
kisimchome mama yako akienda kusafishwa damu.
Dakika kumi anakaa peke yake ndani ya tanuri lile
ili mwenziwe akute baridi. Mwaka wa sita huu.
Nyinyi mnapanda nyuma mkilalamika, "Uf, baridi mno!"
Yeye anauzungukia mlango wa mama,
anaufunga taratibu, kwa viganja viwili.

Kwa hiyo ifute hiyo penseli yako.
Au basi, iache. Chini yake nimeandika kwa wino:
gundi ndiyo iliyozishika kurasa hizi.
Nitakuletea kitabu Jumanne, saa saba kasorobo.
Usikimbilie kupanda gari.
Simama kwanza kibarazani, na jua lote hilo,
utazame.